Siku Kumi na Moja Picha Zilipokaa Mtaani

Mgeni rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Mkurugenzi wetu, wachoraji mliopo na familia za waliotangulia, na ninyi majirani wa mtaa wa nyuma ambao leo mmeingia kwa mlango wa mbele kama wageni wengine,

Sisi wafanyakazi wa Jumba la Sanaa, yaani walinzi, wafagiaji, mafundi wa fremu, mtunza stoo, mpika chai na mkata tiketi, tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha isiyo na unafiki.

KARIBU

Anayesoma risala hii ni mkata tiketi. Wenzangu wamenichagua kwa sababu nimezoea kuongea na watu kupitia tundu la kioo, wakadhani siogopi. Wamekosea, lakini nitasoma.

Tulikuona asubuhi hii ukiwa Ukumbi wa Pili. Ulisimama mbele ya farasi mwekundu kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na msaidizi wako akawa anatazama saa. Hatukukuharakisha. Katika kazi yetu hakuna wakati mtamu kama ule: mtu mzima, mwenye shughuli zake, anaposahau alikuwa anakwenda wapi. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani, na kama miguu imechoka, kuna benchi kila ukumbi.

TULIKOTOKA

Jumba hili halikujengwa kwa ajili ya picha. Lilikuwa ghala la karatasi, ndiyo maana madirisha yako juu sana na mwanga unashuka polepole, kama unga unaochekechwa. Aliyelianzisha alikuwa daktari wa meno. Wachoraji wa wakati ule walikuwa na meno mabovu na mifuko mitupu. Waling'olewa, wakashukuru, wakamwachia picha. Sebule ilipojaa mpaka mlangoni, mumewe akamwambia, "Mke wangu, chagua. Picha au mimi." Daktari akatafuta jengo. Mume alibaki, na inasemekana ndiye aliyegongomea misumari ya kwanza.

Watu walizicheka picha zile. Farasi gani hana miguu? Mbona huyu mwanamke ana uso wa kijani? Hii ya njano imekwisha au mchoraji aliitwa kula? Leo, miaka hamsini baadaye, hizo ndizo zinazoitwa kazi kuu za sanaa ya kisasa, na watu wanavuka bahari kuja kuziona.

Lakini ukweli ni kwamba waliovuka bahari walikuwa wengi kuliko waliovuka barabara. Mwaka wa kumi na mbili mlango wa nyuma, unaotazama mtaa wa mafundi, ulifungwa kwa ajili ya usalama. Kabati kubwa la chuma likasukumwa mbele yake. Tangu hapo mtaa ule ukawa unasikia nyundo zetu, nasi tukisikia cherehani zao, bila kujuana. Kuna fundi cherehani aliyeishi miaka ishirini na sita ukuta kwa ukuta na Ukumbi wa Pili. Tulipomuuliza kwa nini hakuwahi kuingia, alisema, "Nilidhani mnataka barua."

MAFANIKIO

Hapa ndipo risala nyingi hutaja vyeti na majengo. Nasi tungeweza kutaja hivi na vile. Lakini tulipokaa kuandika, kila mmoja wetu alirudi kwenye jambo moja, nalo ni lile ambalo Bodi imeliweka katika jalada la makosa. Mtuwie radhi. Sisi tumeliandika hapa, chini ya mafanikio.

Ilikuwa miezi minne iliyopita, saa tisa alasiri. Jumba lilikuwa limefungwa kwa maandalizi ya maonyesho haya unayoyafungua leo. Mkurugenzi alikuwa angani, ndani ya ndege, akienda kuazima picha. Nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na wingu hata moja. Ndipo tukasikia mvua.

Ilikuwa mvua ya ndani ya nyumba. Tangi la maji lililo juu ya paa lilikuwa limepasuka, na maji yakawa yanapita darini. Yalianza kwa matone, yakawa uzi, kisha yakawa pazia. Dari ya ujia ikaanguka kwa kishindo, ikaziba njia ya kwenda kumbi nyingine. Sisi tulikuwa kumi na wanne ndani ya Ukumbi wa Pili, pamoja na picha kumi na tisa. Maji yalikuwa yameshafika kwenye viatu. Yalimeta kwa mwanga wa yale madirisha ya juu, na picha zote zikaonekana humo chini, kichwa chini miguu juu, zikitikisika. Wengine wetu tulipigwa na butwaa tu. Tunaona haya kusema, lakini palikuwa pazuri.

Aliyetuzindua ni mlinzi mkuu. Wewe humjui, mgeni rasmi, hivyo tumweleze. Ni mtu mwembamba, viatu vyake vinang'aa, na amebakiza miaka miwili astaafu. Jina lake halisi sote tumelisahau, kwa maana wageni, watoto wa shule na hata Mkurugenzi humwita Bwana Usiguse. Kwa miaka thelathini na moja neno lake lilikuwa hilo. Aliwaambia wageni, aliwaambia mawaziri, na tumewahi kumsikia akiwaambia nzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa picha hata moja. Kazi ya kuzitundika ni ya mafundi wa fremu, na wao huvaa glavu nyeupe.

Siku ile Bwana Usiguse aliweka redio yake ya upepo mfukoni, akanyanyua mikono mitupu, akaishika ile picha kubwa ya buluu iliyo karibu na mlango.

"Shikeni!" akasema.

Tukamtazama.

"Mmeziba masikio? Shikeni picha! Kila mtu na yake!"

Fundi wa fremu akauliza, "Glavu ziko stoo, na stoo haifikiki. Tutatoa kwa kibali cha nani?"

"Changu," akasema. "Sogezeni kabati."

Tulilisukuma lile kabati la chuma tukiwa tisa. Kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa na kutu ya miaka thelathini na nane, likavunjwa kwa nyundo. Mlango ukafunguka, na jua lote la alasiri likaingia kwa mkupuo.

Tukatoka, mgeni rasmi. Tungependa ungeona. Farasi mwekundu alitangulia, amebebwa na mpika chai na fundi mmoja, kichwa chake kikichungulia juu ya mabega yao. Wakafuata wanawake watatu wanaoanika nguo, wakipita chini ya kamba za nguo za kweli. Akafuata mwanamke mwenye uso wa kijani, ameshikwa na mfagiaji kifuani kama mtoto anayepelekwa zahanati. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Gari likasimama bila kupiga honi. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele akainuka kwa heshima, kama watu wanavyoinuka maiti ikipita, kisha akauliza, "Huyu naye ni nani?" Mfagiaji akamjibu, "Mama, hata sisi hatumjui. Ila amelowa miguu."

"Basi mleteni ndani," yule bibi akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Hatukuomba. Milango ilifunguliwa kabla ya kubisha. Kila picha ikapata chumba kikavu, na kila chumba kikapata mlinzi wa kukaa nayo usiku na mchana. Mkurugenzi alipotua na kuwasha simu yake, alirudi kwa ndege ya kwanza akiwa na mtaalamu wa ukarabati wa picha. Mtaalamu akapita nyumba kwa nyumba, akapapasa kuta, akanusa hewa. Akasema vyumba vya mtaani ni vikavu kuliko vyetu, na kwamba kuzihamisha tena picha zile ni hatari zaidi kuliko kuziacha. Zikae mpaka kuta za jumba zikauke. Kuta zilichukua siku kumi na moja.

Siku zile ziko vichwani mwetu kama usingizi wa mchana, ule ambao mtu akiamka hajui ni leo au kesho. Ile picha ya njano, ambayo ni njano tu kutoka pembe hadi pembe, iliwekwa kwa kinyozi. Siku ya kwanza kinyozi alituambia waziwazi, "Mimi naona ukuta uliopakwa na mtu mwenye haraka." Siku ya pili wateja waligombana kama ni njano ya asubuhi au ya jioni. Siku ya nne mteja mmoja aliomba kiti kigeuzwe, kitazame picha badala ya kioo. Alinyolewa vibaya upande mmoja, akaondoka bila kulalamika. Siku zikaenda hivyo. Watu walikuwa wanaingia kwa kinyozi, wanakaa, wanatoka na nywele zao.

Picha ya buluu ndiyo kubwa kuliko zote. Inaitwa Maji Yaliyosimama. Ilikaa kwa yule fundi cherehani tuliyemtaja, kwa kuwa chumba chake cha ndani kina ukuta mpana. Ilibidi iegemezwe chini, mkabala na kitanda cha mama yake, na Bwana Usiguse akachukua kiti akakaa nayo yeye mwenyewe. Mama huyo alikuwa amepigwa na kiharusi. Kwa miaka miwili alikuwa hajatamka neno. Mwanawe alikuwa akimlisha, akimwogesha, akimsimulia ya mtaani, na kujijibu mwenyewe.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, fundi alikuwa anapita na mafungu ya vitambaa akaacha mlango wazi. Sauti ikatoka kitandani, nzito kama ya mtu aliyelala sana:

"Funga mlango, mwanangu. Maji yatatoka."

Fundi aliangusha vitambaa vyote. Bwana Usiguse, ambaye hakujua kuwa mama yule hasemi, aliinuka akafunga mlango taratibu, akasema, "Nimefunga, mama. Hayatoki."

Tangu siku hiyo akawa anasema. Maneno hayakuwa mengi. Mawili asubuhi, matatu jioni. Aliuliza habari za mdogo wake. Alidai chai iongezwe sukari. Mwanawe anasema alikuwa anamkemea kwa mambo ya miaka miwili nyuma, moja baada ya jingine, kama mtu aliyeyaweka akiba, na yeye fundi akawa anapokea kila kemeo huku analia kwa furaha.

Siku ya kumi na moja tulizirudisha picha zote kumi na tisa. Mtaa mzima ulitusindikiza. Kinyozi alifunga duka. Mtaalamu alizikagua kwa taa na miwani yake, akakuta fremu moja imepasuka kwenye kona, ile ya farasi, iliyogonga mwimo wa mlango, na alama ya kidole kimoja kwenye picha ya buluu, chini kushoto. Basi. Katika picha kumi na tisa, zilizobebwa na mikono mitupu katikati ya mafuriko, hakuna iliyopotea wala kuharibiwa na maji.

Haya ndiyo mafanikio yetu. Hatuna mengine makubwa kuliko haya.

YANAYOTUSUMBUA

Tangi limebadilishwa na dari imejengwa upya, tunashukuru. Feni ya Ukumbi wa Tatu bado inapiga kelele kama mtu anayesaga karanga. Lakini linalotukosesha raha si feni.

Wiki mbili baada ya picha kurudi, Bwana Usiguse alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Ilikuwa na makosa mawili: kutoa mali ya jumba bila kibali, na kugusa uso wa picha kwa uzembe. Picha ya buluu haikupakwa vanishi, mgeni rasmi. Mchoraji hakutaka ing'ae. Kwa hiyo mafuta ya kidole yakiingia humo, yanakaa. Bodi ilimtaka aeleze alama ile ni ya nani. Aliandika mstari mmoja: "Kidole ni changu. Nilisahau." Hakuna aliyehoji zaidi. Nani angempima kidole mtu anayekiri?

Sisi tulijua kuna kitu. Mtu ambaye hakusahau kwa miaka thelathini na moja, asahau siku ya kazi yake kubwa kuliko zote? Tulimuuliza. Alitutazama kwa macho yale anayowatazamia wageni wanaosogea mno, tukarudi nyuma.

Ukweli tumeujua wiki sita zilizopita. Yule mama alifariki, kwa utulivu, baada ya miezi miwili na nusu ya kusema. Tulikwenda kuzika. Siku ya tatu fundi cherehani alikuja kwenye tundu langu la kioo, akasimama kwenye foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akasema, "Sikuja kukata tiketi. Nimekuja kusema kidole ni cha nani."

Nilifunga dirisha, nikatoka, tukakaa benchi la nje. Alinisimulia hivi.

Ilikuwa siku ya tisa, mchana. Jua lilikuwa limeingia chumbani likaifikia picha, na buluu ile ikawa kama inapumua. Yeye fundi alikuwa mlangoni anapinda upindo wa sketi. Mama yake akanyoosha mkono ule mzima. Ukaenda polepole sana, dakika nzima labda. Bwana Usiguse aliuona tangu unaanza. Aliinuka kwenye kiti, akafungua mdomo, na fundi akamsikia akisema, "Usi..."

Hakumalizia. Alibaki amesimama, mdomo wazi, mpaka kidole kikafika.

Mama aligusa. Akashangaa. Akasema, "Kumbe pakavu." Kisha akacheka, na mwanawe alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu kabla ya ugonjwa.

"Ndiyo, mama," Bwana Usiguse akamwambia. "Pakavu kabisa."

Alipokaa tena alimwonya fundi bila kumtazama: "Wewe ulikuwa unashona. Hukuona kitu. Na mama hawezi kupelekewa barua."

Fundi alinyamaza kwa ajili ya mama yake, mtu asije akamsumbua kitandani. Sasa mama hayupo. Aliniambia, "Dada, andikeni ukweli. Mzee wa watu anaadhibiwa kwa kicheko cha mama yangu. Mimi siwezi kuendelea kula na kulala."

Jumapili iliyopita wawili wetu tulikwenda nyumbani kwa Bwana Usiguse kumwambia tunayajua yote. Hatukumkuta. Mkewe alitupa viti. Tukamuuliza hali yake. Akasema, "Hali ipi? Anaamka saa ileile, anapiga viatu rangi, halafu hana pa kwenda. Anatembea kumbi zenu humu sebuleni. Juzi kaniambia nisogee, eti nimesimama mbele ya farasi."

Alicheka, nasi tukacheka. Kisha tukainuka, tukaaga.

TUNAYOOMBA

Kwanza, tunaomba Bodi, nawe ukiwa shahidi, ilifungue tena jalada lile. Kama kutoa picha bila kibali ni kosa, basi tulikosa watu kumi na wanne, na majina yetu yote tumeyaandika nyuma ya karatasi hii kwa wino. Kama kosa ni kidole, mwenye kidole amekwenda mahali ambapo barua hazifiki, na mwanawe yuko humu, mstari wa tatu, tayari kusimama na kusema. Tunaomba Bwana Usiguse arudishwe amalizie miaka yake miwili, astaafu kwa mlango wa mbele na kwa mkono wa heshima. Hakututuma. Hajui kuwa tunasoma haya, na akijua atatugombeza wiki nzima. Tutafurahi kugombezwa.

Pili, mlango wa nyuma. Tunaomba usifungwe tena kwa kabati. Tunaahidi kuulinda kwa zamu bila kudai cha ziada. Tangu picha zirudi, watu wa mtaa wanakuja kuziulizia kama wanavyoulizia wagonjwa. Kinyozi amekuja mara saba kuiona ile ya njano. Safari ya mwisho alikaa mbele yake saa nzima, na alipotoka aliniambia kwenye tundu, "Ya jioni. Nimeamua. Ni njano ya jioni."

Ombi la mwisho ni la fundi cherehani, ila alituomba tulisome sisi. Mtaalamu wa ukarabati anarudi Jumatatu. Alama ile itafutwa kwa pamba na dawa, ni kazi ya nusu saa. Sisi hatuombi ibaki. Picha ni ya mchoraji, na mchoraji alitaka maji yake yasiwe na alama. Fundi naye haombi ibaki. Anaomba tu awepo inapofutwa, na aruhusiwe kusimama karibu kuliko ule mstari wa sakafuni. Anasema alimfunga mama yake macho kwa mikono yake mwenyewe, na hili nalo ni la kwake kulisindikiza.

Mgeni rasmi, tumesema mengi, na mkasi wa utepe unakungoja. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na watu wa kukuambia kweli. Tunawaombea wachoraji mikono isiyochoka, na Mungu awape pumziko waliotangulia, wakiwemo daktari wetu wa meno na mama wa mtaa wa nyuma.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
watu kumi na wanne wa Ukumbi wa Pili,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Jumba la Sanaa.